Kabla Hujasaini Kule Houston

Mwanangu Atupele,

Sina haja ya kuuliza kama hujambo, maana nakusikia hapo chumbani ukicheka na wenzako, na ule utepe wa gundi unalia kila mnapofunga boksi. Mimi niko jikoni. Umepita hapa mara mbili ukaniuliza naandika nini, nikakujibu naandika vitu vya kununua dukani. Nimekudanganya, na si uongo wangu wa kwanza mwezi huu.

Habari za kufua, za kupika, za kutotembea peke yako gizani, sitaziandika. Nyingine unazijua, na nyingine utaziharibu mwenyewe mpaka uzijue, kama sisi sote. Nimeamua kuandika kwa sababu tukizungumza utanijibu kwa Kiingereza chako cha haraka, mimi nitapandisha sauti, wenzako watasikia, na jambo lenyewe litabaki palepale. Kiswahili chako cha kusoma kinakwenda polepole. Safari hii nafurahi kwamba kinakwenda polepole.

Jambo lenyewe ni hili. Ile ada ya chuo iliyoshuka mwezi uliopita haikushuka kwa haki. Kesho ofisi ya chuo itakuwekea karatasi mbele, na utaambiwa usaini tu, kawaida. Usisaini. Nitakueleza kwa nini, lakini itabidi nianzie mbali kidogo, univumilie.

Nilipokuwa na umri wako nilisoma shule ya bweni kwetu Tukuyu. Kila muhula ulipofika katikati, mwalimu wa zamu alisimama mstarini akasoma majina ya wasiomaliza ada. Ukisikia jina lako, unakwenda kufunga godoro. Mvua ya kwetu unaijua kwa kusimuliwa tu. Ni mvua isiyojua kwenda nyumbani. Nilitembea ndani yake na godoro kichwani mpaka kwa mama yangu, naye kwa aibu akatuambia tukiulizwa tuseme nimerudi kwa malaria. Basi malaria yangu ikawa inakuja kila katikati ya muhula. Majirani walinihurumia kwa ugonjwa, wakaniletea uji, na mjomba wangu mwenye duka, ambaye angeweza kabisa kulipa, alikuja kujua ukweli nikiwa nimeshaacha shule. Alilia. Alisema, "Mngeniambia tu." Siku ile niliapa kwamba mtoto wangu akikwama kwa ada, sitaona haya. Nitasema, tena kwa sauti ya kusikika.

Ukaja kukwama.

Unajua tulivyofika hapa. Baba yako alikuja na viza ya masomo, sisi wawili tukamfuata, wewe ukiwa mtoto wa kubebwa ukisinzia. Fedha za masomo zikaisha, viza ikaisha, sisi tukabaki. Umesoma hapa Garland tangu chekechea. Miaka yote hiyo tulijua kwamba msaada wa serikali kuu haututambui, lakini tulishikilia kitu kimoja: aliyemaliza sekondari Texas na kuishi Texas alilipa ada ya wenyeji hata kama hana makaratasi. Kwa ada hiyo, mimi na kiwanda cha mikate, baba yako na ghala lake, na wewe na kazi ya jioni, tungefika. Kisha mahakama ikaiondoa ruhusa ile, na bili yako ya Houston ikarudi imenenepa. Uliisoma ukiwa umesimama. Ukafunga kompyuta, ukasema, "It's fine, Mama, I'll figure it out," ukaenda kuoga kwa muda mrefu sana.

Ningekaa kimya siku ile, leo nisingekuwa na barua ya kuandika. Lakini mimi ni mtu wa kuchemka. Na sisi Watanzania unatujua. Mtu akifa tuna kamati. Akiolewa tuna kamati, na kitchen party, na send-off, na mwenyekiti, na mweka hazina, na sare. Mtoto akikosa ada, kimya, kila mtu anatazama simu yake. Nikasema safari hii hapana. Nikaitisha kamati.

Baba yako alinionya. Alikuwa anavaa viatu vya kazi pale mlangoni, akasema, "Mama Atu, mchango omba. Ila hili la makaratasi liache humu ndani."

"Watu hawatoi kwa kitu wasichokielewa," nikamjibu.

"Basi watoe kidogo."

Nilimwona mwoga. Miaka yote hii nimekuwa namwona mwoga, na karibu kila mara yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Siku moja umwambie hilo, mimi mdomo wangu hautaweza.

Ukumbi unaukumbuka. Ulivaa kitenge cha bluu, ukasimama mbele ukitabasamu kwa meno tu. MC alishika kipaza sauti kama yuko harusini. "Ndugu zangu, binti yetu amepata admission Houston! Lakini kwa sababu hana status, wana-mcharge kama mtu wa kuja! Mtoto wa Garland huyu! Tutakubali?" Ukumbi mzima ukaitika hatukubali. Na nani aliyepiga kigelegele cha kwanza? Mimi. Jina lako, chuo chako, na kwamba huna makaratasi, vyote vilipita kwenye spika mbele ya watu ambao nusu yao siwajui hata kwa sura. Kufika asubuhi video ilikuwa kwenye kundi la kamati, jioni ikawa kwenye makundi ya Fort Worth na ya Houston. Uliniambia, "Mama, why would you post that?" Nikakwambia aibu haijengi nyumba. Nilijiona shujaa.

Nilichokifanya ni kile kile cha yule mwalimu wa zamu, tena kwa kipaza sauti kikubwa zaidi. Nimechelewa kuliona, lakini nimeliona.

Mchango haukutosha. Ila ulitosha kuvuta nzi.

Alipiga simu wiki hiyohiyo. Alijiita Frank. Sauti ya kijana aliyelelewa, Kiswahili safi cha nyumbani. "Shikamoo mama. Nimeiona video ya binti, nimeumia sana. Mimi niko hapa Houston, nasaidia wanafunzi wetu na mambo ya vyuo." Akajua chuo chako, akajua kozi yako. Akasema wako wengi kama wewe, na kwamba chuo kinakosea tu katika kuwapanga, na yeye anajua namna ya kuomba wakupange upya. Alitaka picha ya pasipoti yako, cheti chako cha kuzaliwa, na lile neno la siri la akaunti yako ya chuo, ulilonipa siku ile nilipolipia ada ya maombi. Na kiasi cha kazi yake, ambacho nilikitoa kwenye mchango wa watu.

Nilimpa vyote. Sikukuuliza. Nilitaka siku moja uamke ukute jambo limekwisha, kama mtoto anavyoamka na kukuta chai mezani. Mwanangu, mtu mzima akikuficha jambo lako mwenyewe eti kwa mapenzi, mwogope, hata akiwa mama yako.

Siku chache baadaye akapiga tena. "Mama, tayari. Nimerekebisha kisanduku kimoja tu kwenye fomu." Na wewe ukatoka chumbani unapiga kelele, bili imeshuka, bili imeshuka, ukanirukia shingoni. Nami nikaruka na wewe.

Jumapili ukasimama kanisani kutoa ushuhuda. Ulikuwa hujawahi kutoa ushuhuda maisha yako yote. Hata sala ya chakula huwa unainong'ona. Ulisema kwa Kiswahili, ukitafuta maneno, kwamba binadamu walifunga mlango na Mungu akafungua dirisha. Watu wakasimama. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nikijua ni Frank, si Mungu, na nilipiga makofi kwa mikono hii ninayoandikia.

Aliyenifungua macho ni dada Edna. Unamjua, yule nesi Mkenya ninayesuka naye Jumamosi. Ulikuwa kazini, kompyuta yako iko wazi mezani, nikamwonyesha bili kwa kujidai. Edna hasomi kitu nusu. Akashuka na ule ukurasa mpaka chini, akavua miwani.

"Mama Atu, hapa wameandika U.S. citizen, yes. Ni nani ali-click hii?"

Nikamwambia ni kurekebisha tu, kisanduku kimoja.

"Wacha mchezo. Hii si kisanduku, hii ni kesi. Huyo jamaa wako ni mkora. Atu anajua?"

Nikafunga kompyuta yako. Juzi akaniombea ruhusa kazini, eti naumwa, akanipeleka Fort Worth kwa wakili mwanamke anayewasikiliza wahamiaji bure kwenye ukumbi wa kanisa moja. Wakili alinisikiliza bila kunikatiza, na alipoanza kusema alisema polepole, kupitia kwa Edna, ili nisije nikajidai sikuelewa. Asiye raia akidai kuwa ni raia ili apate faida, mlango wa makaratasi unafungwa, na mara nyingi haufunguki tena. Sheria ikibadilika kesho ikawapa watoto kama wewe njia, wewe hutapita. Ukiolewa na raia kwa mapenzi ya kweli, hutapita. Nikasema lakini hakuandika yeye. Akaniuliza, "Kuna karatasi yoyote anayotakiwa kusaini?"

Nikakumbuka ule ujumbe wa chuo ulionisomea huku unakula: wote waliobadilishiwa daraja la ada wafike na ushahidi wao, wasaini tamko kwamba waliyoyajaza ni kweli. Ulisema ni utaratibu tu. Uliuliza upeleke bili ya umeme au barua ya shule.

Hapo ndipo ilipo hatari yote, Atu, na ndiyo sababu ya barua hii. Mpaka jioni hii uongo ule ni wa Frank na wangu. Wewe hukuujua. Una miaka kumi na minane. Ukiweka saini yako kesho, unakuwa wako, na hakuna mama anayeweza kuurudisha.

Wakili alisema ipo nafasi moja. Ukiusahihisha mwenyewe, kwa hiari, kabla hujabanwa na kabla hujasaini, una pa kujitetea. Hakuahidi zaidi ya hapo. Nilimsubiri aahidi, akakataa. Barua pepe ingesubiri foleni, na karatasi ni kesho. Ameandika maelezo yako kwenye ukurasa mmoja, yako ndani ya bahasha hii. Utaingia ofisini, utasema hukujaza wewe, wewe si raia, unaomba wafute. Nilimuuliza kama naweza kuingia mimi nikasema kwa niaba yako. Akasema hapana, akaunti ni yake, mdomo uwe wake.

Sasa nikwambie yatakayofuata, maana nimechoka kukupamba. Bili itarudi ilivyokuwa, pengine kesho hiyohiyo. Mchango uliobaki hautaifikia hata robo ya njia. Huenda kiti chako ukakikosa, na masanduku haya mnayoyafunga tukarudi nayo Garland yakiwa hayajafunguliwa. Chuo kidogo cha hapa jirani nacho kitakutoza kama mgeni, ila somo moja moja tunaweza kulipa; itachukua miaka mingi kuliko ulivyopanga. Watu wa kamati watauliza. Waliokusikia ukitoa ushuhuda watauliza zaidi. Waelekeze kwangu, nina majibu yao, na mengine si ya kanisani.

Kisha kuna chumba. Kile chumba cha Gulfton, kule Houston, ulichofurahia picha zake, chenye dirisha linalotazama bwawa lisilo na maji, ukasema kwa bei ile ni bahati: alikitafuta yeye. Funguo anazo yeye. Nilipompigia juzi nikiwa natoka kwa wakili, kumwambia akae mbali nasi, hakukasirika. Natamani angekasirika. "Shikamoo mama," akasema, "mimi sina shida kabisa. Lakini aliyeweka alama pale si mimi. Ni akaunti ya binti yako." Akaniuliza kama safari yetu ya kesho bado ni asubuhi. Sikuwa nimemwambia tunaondoka lini. Akasema, "Nitampokea mwenyewe, asipate tabu." Jana akanitumia picha ya mlango wa chumba hicho, ukiwa wazi, bila neno lolote. Leo mchana akanitumia nyingine. Safari hii ni ya lango la kuingilia hapa kwetu.

Labda aliipata kwenye mtandao. Baba yako anasema labda. Lakini ameomba ruhusa ghalani leo, ndiyo maana umemkuta kakaa sebuleni ukafurahi kwamba amebaki kukuaga. Kakaa akitazama dirisha. Usimuulize mbele ya wenzako.

Kwa hiyo usiende Gulfton kwa sababu yoyote, hata kuchukua kitu, hata ukipigiwa simu kwamba mimi niko pale. Sitakuwa pale. Namba yoyote mpya ikikusalimia kwa Kiswahili kizuri na kuniita mama, kata. Tulizoea kuambiana kwamba ugenini msemaji wa lugha yako ni ndugu yako. Mimi mwenyewe nilikufundisha hivyo ulipokuwa mdogo, tulipokuwa tukimsikia mtu dukani akisema "samahani" tukamkimbilia. Wengi ni ndugu kweli. Edna tulimpata hivyohivyo. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mtu hawezi kukula kwa siri asiyoijua. Siri yako nilimpa mimi, na ukumbi mzima.

Nilikuwa na mashauri mengine. Nilitaka kukwambia usiolewe na mtu anayecheka akiwa peke yake, na kwamba hasira yako umeirithi kwangu, uichunge. Yote yamekuwa madogo. Ninaogopa, mwanangu. Naandika neno hilo kwa sababu sijawahi kulisema mbele yako, na ninaona umekua ukidhani watu wazima hawaogopi, kumbe wanapika, wanafoka, wanaitisha kamati.

Nitakupa barua hii asubuhi kabla Edna hajafika na gari. Isome kwa moyo wako kwanza kabla hujaniangalia usoni. Sitakufunga kamba. Nimeshafanya jambo moja kubwa juu ya maisha yako bila kukuuliza, na hili silirudii. Ukiamua kwamba utasaini ukajaribu bahati yako, hakuna ninaloweza kufanya mlangoni isipokuwa kulia, na kilio changu umeshakizoea kwenye tamthilia. Lakini nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, huwa nakuagiza. Leo nakuomba, usisaini.

Ukiingia ndani watakuuliza ni nani aliyempa yule mtu neno la siri. Usiseme hujui. Usiseme ni rafiki wa familia. Usinifiche kwa adabu za nyumbani, eti mzazi hatajwi. Nitaje. Sema ni mama yangu, sema jina langu lote, Tusajigwe Mwakyoma, kama lilivyo kwenye pasipoti, waandike vizuri.

Wakili amenishauri nibaki Garland, nisisogee ofisi yoyote kwa sasa, maana nami sina makaratasi na nitakuwa nimetajwa. Nimemsikia. Nitakuja. Nitakaa nje ya mlango, kwenye kiti chochote watakachokuwa nacho, mpaka utoke. Ukitoka ukanikuta, tutakwenda kula, na utaninunia njia nzima ya kurudi, nami nitanyamaza. Ukitoka usiponikuta, usilie pale na usiulize mtu. Nenda moja kwa moja kwenye gari la Edna. Yeye anajua la kufanya, na atakurudisha kwa baba yako.

Mama yako